Mnaovua kwa boti ndogo huku kwenye makotegi (nyumba za mapumziko ziwani) ya Ontario, Canada: laifujaketi ivaliwe, isikaliwe

#1 Mkerewe705

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha miaka miwili. Jumamosi ijayo msimu wa wolai (samaki walleye) unafunguliwa kwa sisi wa kanda ya 15 ya uvuvi, na jana kwenye kundi letu la WhatsApp imerushwa picha ya vijana wetu sita ndani ya boti ya futi 14, katikati ya ziwa ambalo barafu yake imeyeyuka wiki tatu tu zilizopita. Laifujaketi wanazo. Wamezikalia kama mito. Nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Nilijua kuogelea kabla sijajua kusoma, na kwetu mtu mzima aliyevaa jaketi kwenye mtumbwi tulimwona mgeni wa maji. Nimekuja nayo akili hiyo hadi Haliburton.

Ilikuwa wikendi ya Victoria Day, ile sikukuu ya mwezi wa tano. Niko na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Musoma, mwogeleaji kuliko mimi. Boti ya aluminiamu, futi 14, injini ya nguvu ya farasi 9.9. Jua limewaka, hewa nyuzi 22, tumevua hadi masweta. Kifaa cha kutafutia samaki kinaonyesha maji nyuzi 9, wala hatukukijali. Shemeji akanasa samaki mzuri, akasimama ili amchote kwa wavu. Boti ikalala upande mmoja, akaenda na wavu wake.

Nilicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilidhani atapanda tuendelee. Kisha nikaona uso wake. Mdomo uko wazi, anavuta pumzi, anavuta, anavuta tena, haitoi. Macho yamenitazama, jina langu halimtoki. Mtu anayevuka ghuba kwa mikono yake hakuweza kuogelea hata kidogo. Alizama mara mbili mbele yangu, mita tatu kutoka botini, na jaketi lake liko kwenye benchi alipokuwa ameketi.

Nikamrushia kamba. Akaikamata kwa mikono miwili. Nikaanza kuvuta, nikaona vidole vinafunguka vyenyewe, kimoja kimoja, kama si vyake. Nikamwambia pitisha chini ya makwapa. Sijui alisikiaje, lakini aliipitisha. Nikajaribu kumpandisha kwa ubavuni, boti ikainama maji yakaingia, nikaona tunakwenda wote. Basi nikazima injini, nikamvuta hadi nyuma, nikamfunga pale kichwa kikiwa juu, nikapiga kasia kuelekea mwamba uliokuwa karibu. Mita kama sitini hivi. Tulipofika hakuweza kusimama. Nilimvua nguo kama mtoto mchanga, vifungo vya shati vilimshinda. Mama mmoja wa kotegi la jirani akaja na mablanketi akapiga 911.

Yu hai, namshukuru Mungu. Baada ya hapo nilitafuta kuelewa, nikakutana na kanuni wanayofundisha huku, ya 1-10-1. Imetokana na kazi ya Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, mtu ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi ili kupima. Dakika 1: mwili unashtuka, unahema bila kujizuia, na ukivuta hewa hiyo kichwa kikiwa chini unavuta maji. Dakika 10: una muda huo tu wa kutumia mikono na miguu kwa maana yoyote, kisha misuli inakataa. Saa 1: ndipo baridi yenyewe inakupotezea fahamu. Wengi wetu tunadhani maji baridi yanaua kwa kugandisha, kwamba una muda wa kuogelea hadi ufukweni. Wengi hawaifikii saa hiyo. Wanazama ndani ya dakika ile ya kwanza au zile kumi, wakiwa waogeleaji wazuri kabisa.

Ujuzi wetu wa Ziwa Victoria ni wa kweli, ila ni ujuzi wa maji yenye joto. Kule ukianguka unakuwa umelowa tu. Huku mwezi wa tano, na tena kuanzia wa kumi, ukianguka unapokonywa mwili wako kwanza. Na jaketi usilolivaa hutaweza kulivaa ukiwa majini, na vidole vile nimeviona.

Ongezeni mnayoyajua, hasa wageni wa mwaka huu wasome.

#2 DadaBrampton

Kaka pole sana, na mpe pole shemeji. Nimesoma mara mbili.

Mimi siogelei kabisa. Wenzangu kazini wamekodi kotegi Muskoka, wikendi ndefu ya mwezi wa nane, na tangazo linasema kuna boti ya futi 16 yenye injini. Nitakuwa na mwanangu wa miaka sita. Wenzangu wanasema mtu yeyote anaweza kuendesha, eti kotegi likikodiwa boti haina masharti. Ni kweli? Na mimi nibebe nini?

#3 Nahodha_Simcoe

Dada yangu, si kweli.

Mwenye kushika usukani wa boti ya starehe yenye injini, hata ile injini ndogo ya umeme, ni lazima awe na uthibitisho kwamba anajua. Uthibitisho wa kawaida ni ile kadi ya mwendesha boti, wanaiita PCOC. Sheria hiyo inamgusa kila mtu tangu Septemba 2009. Unasoma kwenye mtandao, unafanya mtihani wa maswali 50, ukipata asilimia 75 kadi ni yako na haina kuisha. Hakikisha tu kozi imeidhinishwa na Transport Canada, wizara ya uchukuzi. Kwa boti ya kukodi ipo njia nyingine: mwenye boti anakupitisha kwenye orodha ya usalama, mnaisaini wote wawili, na karatasi hiyo inakufaa kwa muda wa kukodi tu. Asiyekupa karatasi wala kukuuliza kadi, hiyo boti iache ifungwe gatini.

Umri pia: aliye chini ya miaka 12 akiwa peke yake haruhusiwi kuzidi nguvu ya farasi 10, wa 12 hadi chini ya 16 mwisho farasi 40. Pikipiki za majini ni 16 kwenda juu, hakuna kusimamiwa.

Sasa vilivyomo botini. Mimi ni mtu wa Tanga, baba yangu hakutoka bila upo wa kufulia maji, kamba na kasia la akiba, na nilipofungua kanuni za huku nilikuta ni yale yale ya mzee yameandikwa kwa lugha ya serikali. Kwa boti isiyozidi mita 6: laifujaketi moja kwa kila kichwa, ya saizi yake. Kamba ya kurusha inayoelea, isiyopungua mita 15 (hiyo ndiyo iliyomwokoa shemeji wa mkuu hapo juu). Upo au pampu ya mkono. Kasia, au nanga yenye kamba ya mita 15. Filimbi. Tochi isiyoingia maji, au fataki tatu za kuomba msaada. Ukingo wa boti ukiwa juu ya maji zaidi ya nusu mita, basi na ngazi ya kupandia. Kizima moto kama tangi la mafuta limejengewa ndani. Ukitoka jua limezama, taa za boti. Filimbi ifunge kwenye jaketi lenyewe, maana ikiwa kwenye sanduku la ndoano haitakusaidia ukiwa majini.

Halafu tazama nyuma au ubavuni mwa boti, kuna kibao kidogo cha chuma au stika. Kinasema watu wangapi, kilo ngapi ukijumlisha watu, mizigo na injini, na injini isizidi nguvu gani. Kisome kabla hamjaingia. Kwenye ile picha ya vijana sita, nina shaka kubwa kama kibao chao kinasema sita.

Jambo la mwisho, mafuta. Tangi la kubebeka litolewe botini, lijaziwe chini gatini, watu wote wakiwa nje. Mvuke wa petroli ni mzito, unalala sakafuni mwa boti unasubiri cheche.

#4 Omena_Toronto

Wadau, nashukuru kwa uzi huu, lakini acha niseme ninachofikiria. Mimi ni wa Homa Bay, navua Rice Lake kila kiangazi. Sheria inasema jaketi liwe botini, haisemi mtu mzima alivae. Mwezi wa saba maji ni nyuzi 24, jua linachoma, na yale majaketi mazito yanakunyima hata kurusha ndoano vizuri. Baridi ya mwezi wa tano nakubali asilimia mia. Lakini kumwambia mtu avae Julai kwenye maji yanayomfika kifuani, hapo naona tunazidisha hofu.

#5 Mkerewe705

Mkuu Omena, sheria umeisema sawasawa na hoja yako naiheshimu, kwa sababu ilikuwa yangu.

Nikujibu kwa Julai. Jiulize mtu wa boti ndogo anaangukaje. Anasimama kukojoa. Anasimama kumchota samaki. Boti kubwa inapita inaacha wimbi, yeye yuko mguu mmoja hewani. Au yuko kwenye usukani wa mkono, boti inagonga gogo na kumtupa nje. Katika hayo yote maji yanaweza kuwa ya uvuguvugu, lakini amegonga kichwa kwenye ukingo wa aluminiamu, au boti imeondoka bila yeye na upepo unaipeleka kuliko anavyoogelea. Boti tupu yenye ukingo mrefu inakimbia kama jani. Mimi nimewahi kuifukuza yangu kutoka ufukweni kwa sababu ya fundo baya, sikuikaribia.

Na injini ikiwa inafanya kazi, boti isiyo na mtu inazunguka duara, inarudi pale pale ulipo na pangaboi lake. Ndiyo maana ile kamba nyekundu ya kuzimia injini ifungwe mkononi au kwenye jaketi muda wote. Nyingi naziona zimening'inia kwenye injini hazijawahi kufungwa kwa mtu.

Kuhusu joto na uzito, siku hizi kuna laifujaketi za kujaza hewa, nyembamba kama mkanda wa begi mabegani, unarusha ndoano siku nzima hujali. Ila jua masharti yake: ni za miaka 16 kwenda juu, mwenye uzito unaozidi kilo 36.3, na kwenye boti ya wazi inahesabika pale tu unapoivaa. Ukiiweka kwenye benchi, afisa akija wewe huna jaketi. Na mtungi wake wa gesi ukaguliwe kila mwanzo wa msimu.

Angalieni na lebo ndani. Inatakiwa kuwa iliyoidhinishwa Canada, na inayosomeka. Jaketi lililochanika ukalishona mwenyewe halihesabiki tena.

#6 MtuWaUvira

Wandugu, asanteni. Mimi natoka Uvira, Tanganyika yetu nayo ina mawimbi ya kuogopesha, kwa hiyo haya nayaelewa. Niulize kitu ambacho watu wanaona haya kuuliza. Bia. Siku zote tunaenda na kisanduku cha baridi, mbili tatu tu, tunavua, jioni tunarudi. Mwenye kuendesha hanywi. Kuna kosa?

#7 Nahodha_Simcoe

Kosa lipo, ndugu yangu, na si kwa dereva peke yake. Ontario, pombe inaruhusiwa kunywewa kwenye boti ile tu yenye malazi ya kudumu, jiko na choo vilivyojengewa ndani, tena ikiwa imetia nanga au imefungwa gatini. Boti ya futi 14 haina hata kimoja. Kwa hiyo abiria akifungua kopo katikati ya ziwa, tayari. Mkiwa mnaisafirisha tu, iwe imefungwa na kuwekwa mbali na mikono.

Kwa anayeendesha ni jinai ile ile ya gari: miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na kuanzia 50 Ontario ina adhabu zake. Wengi hawajui kwamba ukikamatwa kwenye boti inasimamishwa leseni yako ya gari. Kwa sisi ambao mkate wetu ni lori au teksi, bia moja ya ziwani inaweza kuondoa kodi ya nyumba.

Na pombe inamfanya mtu asimame kukojoa. Sisemi kwa mzaha, ndivyo watu wanavyoanguka.

#8 Fundi_Lindsay

Naongezea upande wa samaki, kwa sababu maafisa wa uhifadhi wanapanda botini na kukagua, na msamiati wao mgeni unatuchanganya.

Mwenye miaka 18 hadi 64 anahitaji Outdoors Card pamoja na leseni ya kuvua. Leseni ziko mbili, ya kawaida na ya uhifadhi. Ya uhifadhi ni nafuu lakini idadi ya samaki unaoruhusiwa kubeba ni ndogo. Jimbo limegawanywa kanda 20, kila kanda ina tarehe zake, idadi zake na vipimo vyake. Kawartha yetu ni 17, Muskoka na Haliburton ni 15. Kosa la mara kwa mara ni besi (samaki bass). Wolai anafunguliwa Mei, besi anasubiri hadi Juni kwa sababu dume analinda kiota chenye mayai, ukimwondoa hata kwa muda mfupi samaki wengine wanaweza kula mayai. Ukimnasa kwa bahati mbaya msimu haujafunguliwa, mrudishe hapo hapo, hakuna picha ya kwanza.

Wapo wolai wanaoruhusiwa kati ya kipimo fulani na kipimo fulani tu, yaani mdogo anarudi na mkubwa anarudi. Wengi wetu tumezoea kwamba mkubwa ndiye wa kubeba. Yule mkubwa mara nyingi ni jike la kutaga, ndiye mama wa ziwa. Rula iwe botini.

Na ukitoa boti majini: fungua kizibo cha chini, maji yote yatoke, ondoa majani yote kwenye trela, kabla hujaingia barabarani. Tangu Januari 2022 hiyo ni sheria Ontario. Sababu ni kome milia na wenzake waliokuja kutoka nje, wanasafiri kwenye maji kidogo tu ya sakafuni kutoka ziwa hadi ziwa. Chambo hai vilevile, usikimwage ziwani wala karibu na maji. Sisi tuliokulia Ziwa Victoria tumeishi na gugumaji, tunajua kitu kimoja kigeni kinaweza kufanya nini kwa wavuvi.

#9 Nyanza_Mashariki

Mmeongea yote ila anga.

Tarehe 21 Mei 2022, Jumamosi ya wikendi hii hii ya Victoria Day, nilikuwa na boti Ziwa Simcoe. Asubuhi shwari kabisa. Mchana simu zetu zote zikalia pamoja ile kengele ya hatari. Nikatazama magharibi, kuna mstari mweusi umelala chini kuanzia mwisho mmoja wa upeo hadi mwingine, na mbele yake hewa imesimama, hata ndege wamenyamaza. Tulikuwa dakika kumi kutoka gatini. Tulipofunga kamba ya pili upepo ukafika, nikaona meza ya bustani inapita hewani. Dhoruba ile ilikatiza kusini mwa Ontario hadi Quebec, ikaua watu, wengi kwa miti.

Mimi nilikulia Mwanza. Tarehe 21 Mei kwetu ni siku ilipozama MV Bukoba, 1996. Nilikuwa shule ya msingi, mji mzima ulinuka dawa kwa siku nyingi. Meli ile ilibeba kupita uwezo wake. Nikiona kibao cha boti kinasema watu wanne, mimi nasimama hapo hapo, anayeudhika audhike.

Kwa hiyo angalieni utabiri kabla ya kutoka na tena mkiwa majini. Radi ikisikika, hata ya mbali, nenda nchi kavu, na baada ya ngurumo ya mwisho subiri dakika 30. Simcoe ni pana na upepo ukigeuka mawimbi yanasimama wima, mafupi na ya karibu karibu, boti ndogo haipati nafasi ya kupumua kati ya moja na lingine. Mkishikwa, wote wakae chini sakafuni, katikati, na ukabili wimbi kwa pembe kidogo, usilipe ubavu.

Na mwambie mtu aliyebaki mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Kaskazini huku mtandao wa simu unakatika nyuma ya kila mwamba.

#10 Omena_Toronto

Mkuu Mkerewe, umenigusa kwa ile ya boti kukimbia. Mwaka jana ilinitokea, sikuwa nimeiweka kwenye hesabu ya hatari kwa sababu nilipata mwamba wa kuegemea. Nimeagiza ile ya hewa. Nauliza tu, mtu akishaanguka na boti iko karibu, anapandaje bila ngazi?

#11 Mkerewe705

Kwa nyuma, injini ikiwa imezimwa. Kwenye boti yangu nimefunga kitanzi cha kamba nene kwenye kishikio cha nyuma, kinashuka majini kama nusu mita, ni cha kutia mguu. Ukiwa peke yako kinakupa hatua moja na hiyo inatosha, maadamu miguu bado inakutii. Kwa wawili: aliye ndani anamshika mwenzake kwenye mabega ya jaketi, anamdidimiza kidogo kisha anamvuta juu anapoibuka, maji yenyewe yanasaidia kumpandisha. Bila jaketi huna pa kushika. Shati linachomoka.

Na boti ikipinduka, usiiache ukaanza kuogelea. Panda juu yake kadiri unavyoweza. Boti inaonekana kutoka mbali kuliko kichwa.

#12 DadaBrampton

Nimerudi jamani! Ni mwezi wa nane, nimeona nilete mrejesho.

Niliichukua kadi mwezi wa sita, mimi nisiyeogelea. Wenzangu walishangaa. Tulipofika, mwenye kotegi alitupa ufunguo wa boti na kuondoka, hakuna karatasi wala maelezo. Nikafungua uzi huu kwenye simu, nikapita kitu kimoja kimoja. Kamba ya kurusha haikuwepo. Tochi ilikuwepo, betri zimeoza. Jaketi zilikuwa tano, tulikuwa watu wanne na mwanangu, lakini zote za watu wazima. Nilimvisha moja nikamnyanyua kwa mabega ya jaketi kama nilivyoona kwenye kozi: jaketi likapanda hadi masikioni, mtoto akabaki chini. Angeanguka angetoka kama ndizi kwenye ganda. Siku ya kwanza hatukutoka. Nilienda dukani Bracebridge nikanunua ya uzito wake, yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, na kamba ya mita 15.

Siku ya pili nilifanya kitu ambacho sikuwahi kufikiria. Nilishuka gatini na jaketi langu, kwenye maji yanayonifika mabegani, nikainua miguu. Niliogopa nikatetemeka, kisha nikaona nimeelea. Nilikaa hivyo mpaka mwanangu akachoka kunitazama. Sasa najua kile kitu kinafanya nini, na sikukivua botini siku zote tatu.

Ndani ya mita 30 kutoka ufukweni tulikwenda mwisho kilomita 10 kwa saa kama sheria inavyosema. Mzee mmoja aliyekuwa na mtumbwi wake na mjukuu akatuinulia mkono. Boti nyingine zilimpita kwa kasi na wimbi lao likamtikisa vibaya.

Tulinasa besi wawili wadogo. Wamerudi majini.

Ombi moja: dada yangu anakuja mwezi ujao na watoto wawili, kilo 15 na kilo 22. Kuna mwenye jaketi za watoto anazouza?

#13 Fundi_Lindsay

Dada hongera sana. Wangu wameshakua, ninazo mbili, moja ya kilo 14 hadi 27 na nyingine imezidi kidogo. Lebo zinasomeka, zipu nzima, niliziosha na kuzianika kivulini. Siuzi, chukua. Ila hiyo ya pili mjaribishe kwanza kwa kumnyanyua mabegani, ikipanda usiichukue kwa kunionea haya. Jumamosi nashuka mjini, naweza kukupitishia kituo cha treni za GO cha Brampton saa nne asubuhi.

#14 DadaBrampton

Saa nne nitakuwepo, kaka. Nakuja na mtoto wa jirani mwenye kilo 22 tuipime hapo hapo.